Mpimaji Vumbi wa Kiponda: Maisha ya Zahran bin Salem bin Azzan (1958–2006)

Kwa jina la Mola mwenye kurehemu. Karatasi hii inasomwa mahali pawili leo, Jumatatu tarehe 19 Juni 2006. Mwalimu Makungu, aliyesomesha pamoja na marehemu, anawasomea wanaume msikitini baada ya hitima. Mimi, Hamda binti Abdulla, nawasomea wanawake hapa nyumbani. Marehemu alikuwa mtoto wa ami yangu. Alikuwa pia mume wangu, kisha akaniacha. Mjane wake, Faiza, ameingia eda na hana hali ya kuandika, na watoto wameniomba mimi, kwa kuwa nimekaa naye nyumba moja muda mrefu kuliko mtu yeyote aliye hai.

Desturi yetu ni kuwaomba waliobaki wamsamehe aliyetangulia. Juzi makaburini wanaume waliulizwa, wakajibu kwamba wamemsamehe. Wanawake hatukuwepo. Mimi nilikosewa na Zahran, watu wote wa mtaa huu wanalijua kosa lenyewe, na mpaka asubuhi hii sijatamka neno. Naona mnavyonitazama. Nitalitamka, lakini kwanza nitayasema maisha yake, maana hakuwa mtu wa kosa moja tu.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 12 Machi 1958, katika nyumba hii hii ya Kiponda, chumba cha ghorofa ya kwanza kinachotazama ua wa ndani. Alikuwa mtoto wa pekee wa ami yangu Salem bin Azzan na Bi Zuwena. Ami Salem alikuwa na shamba la mikarafuu Bumbwini. Baada ya mwaka 1964 hakuwa nalo tena, akaanza kutengeneza saa za watu barazani. Mwanawe alikaa ubavuni pake akimshikia skrubu kwa kibano, na kabla hajafika miaka minane alikwisha jua kuzuia pumzi kila anapogusa kitu kidogo. Mkono huo mtulivu alikuwa nao mpaka mwaka jana.

Aliingia skuli Januari 1965 na akamaliza kidato cha nne mwaka 1976. Alikuwa wa kwanza katika hesabu na wa mwisho katika kuimba. Siku ambazo hakuna skuli alikwenda Michenzani kuwatazama Wajerumani wakijenga yale majumba marefu, akarudi na neno moja moja la Kijerumani, akiwatukania kuku wa mama yake. Nyumba hii ilikuwa na watoto wawili, yeye na mimi niliyezaliwa miaka mitano nyuma yake. Yeye alipelekwa skuli. Mimi nilibaki kumuuguza bibi yetu aliyepooza, na alipofariki nilikuwa nimeshakuwa mwari, hakuna aliyeikumbuka tena skuli kwa ajili yangu. Jioni Zahran alikuwa akirudi na mkoba wake, nami nikimuuliza leo wamesoma nini. Akinijibu, "Utajulia wapi wewe?" Kisha, baada ya kula, akinieleza yote. Hivyo ndivyo alivyokuwa.

Alipotoka skuli alipata kazi katika karakana iliyokuwa ikitengeneza vyombo vya maabara za skuli. Hapo alijifunza kupuliza kioo. Alikuwa akileta nyumbani vichupa vilivyopinda ambavyo havikukubaliwa kazini, na mama yake akivitilia marashi.

Tulifunga ndoa Alhamisi, tarehe 22 Disemba 1983. Sitaficha kwamba nilifurahi. Septemba 1985 alipelekwa Ujerumani Mashariki kuongeza ufundi wa kioo, akaniacha na mimba ya Rawiya na mama yake wa kumtazama. Kwa kuwa sikujua kusoma, alikuwa akinipelekea kaseti. Katika kaseti ya tatu alizungumza maneno ambayo nimeyahifadhi.

"Hamda," alisema, "huku wana kazi moja ya ajabu. Wanataka kujua sayari zilianza vipi. Wanasema jua lilipokuwa changa lilizungukwa na hewa na vumbi jembamba kuliko moshi wa udi. Chembe mbili zikagusana polepole, zikashikana. Ikaja ya tatu. Ikawa donge, ikawa jiwe, ikawa hii dunia unayoifagia kila asubuhi. Sasa wao wanatia vumbi ndani ya mrija wa kioo, wanaitoa hewa, wanakaa kutazama chembe zinavyoshikana. Na mrija anaupuliza mumeo."

Niliisikiliza kaseti ile mpaka utepe ukalegea.

Mwezi wa Februari 1988 haikuja kaseti, ilikuja barua. Nilidhani ni khabari ya kurudi. Niliipeleka kwa jirani yetu Bi Kidawa, Mungu amrehemu, ambaye alikuwa amesoma. Aliifungua, akaitazama, akaikunja tena.

"Nani yuko ndani kwenu?" aliniuliza.

"Yuko mama mkwe na mtoto."

"Basi wewe kaa kitako hapa hapa, mwanangu."

Ilikuwa talaka. Talaka ni haki aliyonayo mume, na sikuilalamikia talaka yenyewe. Lakini alijua siwezi kusoma. Kwa kaseti alinieleza theluji, bei ya viatu na vumbi la sayari, na neno hili moja akalitia katika barua, nikaenda kusomewa nyumba ya watu kama mtu anayesomewa hukumu. Hilo ndilo kosa ninalolizungumza. Mwaka ule ule nilijiandikisha madarasa ya watu wazima, nikenda jioni nne kwa wiki, mpaka nikaweza kusoma chochote ninachopewa bila ya kumtafuta mtu.

Zahran alirudi Aprili 1991, baada ya mambo ya huko kubadilika na maabara kupunguza watu. Hakuja na mke wa Kijerumani kama mtaa ulivyokuwa ukisema. Alikuja na masanduku mawili ya kioo yaliyofungwa kwa magazeti. Kuanzia Januari 1992 alisomesha fizikia katika skuli ya sekondari hapa mjini kwa miaka kumi na minne. Wanafunzi walimwita Mwalimu Vumbi. Alilijua jina hilo na alilipenda. Mwaka 1993 alimwoa Faiza binti Khatib wa Amani, mwanamke ambaye nilijitahidi kumchukia nikashindwa.

Nyumba hii ni ya urithi. Fungu la baba yangu ni ghorofa ya juu, ndipo ninapoishi na kushona kofia. Fungu la ami Salem ni chini. Kuta ni nene lakini ngazi ni moja, kwa hivyo kwa miaka saba mimi na marehemu tulipishana ngazini bila ya kusemezana. Yeye alikuwa akitazama ukuta. Mimi nilikuwa nikimtazama yeye.

Mwezi wa Julai 1998 Faiza alipanda juu.

"Da Hamda," alisema, "mwenzio anaitaka roshani yako."

"Anataka kuanika nini?"

"Hataki kuanika. Anataka kuangusha gilasi."

"Gilasi si aiangushe huko huko chini aliko? Kwani lazima apande juu?"

Faiza alicheka mpaka akakaa juu ya ngazi. "Mimi nnatumwa tu, dada. Anasema lazima iwe mbali na ardhi."

"Mwambie mumeo miguu anayo."

Siku ya pili, baada ya sala ya alasiri, marehemu alibisha hodi mlangoni kwangu. Nilimkaribisha. Nilidhani ameipata sababu ya kuja na atasema lile nililokuwa nikilingoja. Hakulisema. Alizungumza vumbi mpaka maghribi.

Nitaeleza kama alivyonieleza. Vumbi likiwa ndani ya chombo hapa duniani huzama chini, halipati nafasi ya kuelea na kugusana kama lilivyokuwa likielea angani. Lakini ukikiachia chombo kianguke, kila kilichomo ndani huanguka nacho kwa pamoja, na kwa muda wa kuanguka vumbi huwa kama halina uzito. Huko Ulaya walikuwa na minara ya kazi hiyo. Yeye alikuwa na ua wetu. Kutoka roshani yangu mpaka chini ni mita kumi na moja, ambazo kitu kinachoanguka huzimaliza kwa sekunde moja na nusu. Alitaka kuona chembe zikigongana kwa mwendo upi hushikana, na kwa mwendo upi huruka zikaachana.

Nilimuuliza, "Na ukishajua?"

"Ntakuwa nnajua," alisema.

Nikampa roshani. Sikujua kwa nini nilimpa, na mpaka leo sijui vizuri. Labda kwa sababu alikuja kuiomba mwenyewe.

Chombo chake kilikuwa kisanduku cha kioo alichokipuliza na kukikata kwa mikono yake. Hewa alikuwa akiitoa kwa mashine ya friji kuukuu. Mbele ya kioo alifunga lenzi ya marehemu baba yake, ile aliyokuwa akiitia jichoni kutazama saa, na nyuma ya lenzi kamera ya video aliyoazima kwa Jecha, anayepiga picha za arusi. Vyote vikaingia ndani ya sanduku la mbao lililojazwa sufi, na chini uani tukatandika magodoro matatu. Kamera ilivunjika mara mbili. Jecha hakununa hata mara moja, ila kanda alizokuwa akituazima zilikuwa zimeshatumika, ikawa tukimaliza kutazama vumbi anatokea bibi arusi wa Fumba akilishwa keki. Faiza alikuwa akikaa kutazama kwa ajili ya keki.

Mwanzo marehemu alikuwa akiliachia sanduku kwa mkono, likaenda upande. Akalifunga kwa kamba na kuikata kwa mkasi, likatikisika. Alihangaika hivyo kwa wiki tatu. Mimi nashona kofia, najua tabia ya uzi. Nilimwambia kwamba uzi ukikatwa hushtuka, lakini ukiunguzwa huachia kimya kimya. Tukalitundika sanduku kwa nyuzi zangu za pamba zilizosokotwa, na kazi ya kuunguza ikawa yangu: kaa dogo kutoka kwenye chetezo, nalishika kwa koleo, nalisogeza mpaka uzi uachie. Yeye alikuwa akisimama chini na kusema, "Tayari, binti ami." Sanduku lilikuwa likishuka wima kama maji.

Tuliangusha mara mia tatu na kumi na mbili, kati ya mwaka 1998 na 2003. Kila mara niliandika katika daftari tarehe, saa, na kama kulikuwa na upepo.

Nataka kusema kisa kimoja, maana kinamwonesha alivyokuwa. Mwezi wa Aprili 1999, kwenye masika, vumbi lilianza kushikana kila mara, kwa mwendo wowote. Halikuruka hata chembe. Marehemu alifurahi sana. Aliandika barua ndefu kwa profesa wake wa zamani Ujerumani, akaitia posta, akarudi amenunua halua kwa ajili ya nyumba nzima. Tukiwa tunaila nilimuuliza vumbi lake analiweka wapi. Akasema ndani ya chupa, kabatini.

"Chumvi yangu nayo iko ndani ya chupa, kabatini," nilimwambia. "Masika yote haimwagiki, ni donge moja. Mpaka nitie mchele."

Aliiweka halua chini. Alikwenda kulitazama vumbi lake. Aliporudi uso ulikuwa umemsawijika. Watu wa nchi za hewa kavu wasingekosea hivyo. Lakini sisi tuliozaliwa katika unyevu huu hatuuoni tena, na yeye alikuwa ameusahau kabisa. Siku ya pili alilianika vumbi juu ya chungu cha moto, akalitia chupani pamoja na kifuko cha mchele uliokaangwa, na vumbi likarudi kushikana pale linapotaka na kuruka pale linapotaka. Kisha alikaa kuandika barua nyingine kwa profesa, kusema kwamba ile ya mwanzo haikuwa sawa.

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nikasema, "Kumbe barua huweza kufuatiwa na nyingine."

Kalamu ilisimama. Nami nikapanda kwangu.

Mwaka 2003 alipeleka hesabu zote. Profesa alijibu kwamba zinakubaliana na zao walizozipata kwa vyombo vikubwa, na mwaka uliofuata zikatolewa katika jarida la wataalamu, kwa majina matatu. Jina la marehemu ni la tatu. Aliitundika karatasi ile ukutani chini, na ipo, mnaweza kuitazama. Langu halimo. Nilimuuliza, akashika kichwa, akasema, "Wallahi nilisahau." Ilikuwa kweli, alisahau, na hilo sikuliweka moyoni. Naliandika hapa tu ili watakaoitazama karatasi wajue kwamba waliofanya kazi ile walikuwa wanne.

Siku hizo zilikuwa njema. Nasema hivi mbele ya Faiza, naye anajua nisemavyo. Watoto watatu walikuwa wakikimbia ndani ya ua huu na mgeni asingejua nani ni wa mama gani mpaka wakati wa kulala. Tulikuwa tukila pamoja Ijumaa. Marehemu alikuwa akipanda kwangu bila ya kutumwa mtu, akibishana na mimi juu ya upepo, na nikishinda alikuwa akisema, "Haya, daktari." Sikuwa na huzuni. Nilikuwa na jambo langu moja tu lililokwama, kama mwiba wa samaki uliokwisha zoeleka.

Kisukari kilimwanza mwaka 1999, na mwishoni mwa 2005 kikaingia figo. Miguu ilivimba, akaacha kusomesha. Alilazwa hospitali mara mbili, mara ya pili akaomba arudishwe nyumbani, atazame ua.

Alhamisi iliyopita, tarehe 15 Juni, asubuhi, alituita sote chumbani kwake. Alisema, kama inavyosemwa, "Nisameheni nyote." Faiza akasema amemsamehe, watoto wakasema, Mwalimu Makungu aliyekuja kumtazama akasema. Akanigeukia mimi.

"Na wewe, Hamda?"

"Mimi simo katika nyote," nilimwambia. "Uliniposa kwa jina langu na uliniacha kwa jina langu."

Faiza aliwatoa watu nje. Marehemu akavuta pumzi.

"Nilitia kaseti mara tatu," alisema, "nikafuta mara tatu. Sauti haikutoka."

"Hilo ni lako. Nangoja langu."

Akafumba macho. "Nilijua huwezi kuisoma. Nilijua atakusomea mtu mwingine. Nilitaka mtu mwingine ndiye auone uso wako, nisiuone mimi."

Miaka kumi na minane nilikuwa nikiyangoja maneno hayo na sio mengine. Nilimwambia kwamba nimesikia, na kwamba nitampa jawabu.

"Lini?"

"Nikishafikiri."

Alicheka kidogo. "Fikiri upesi basi, binti ami."

Ijumaa baada ya sala Faiza alipanda juu. "Da Hamda, anauliza jawabu yake." Nikamwambia amwambie angoje kidogo. Jumamosi, tarehe 17 Juni, saa mbili asubuhi, nilikuwa jikoni kwangu nampikia uji. Nilikwisha azimia kwamba akimaliza uji nitamwambia. Nikasikia chini wanamwita jina lake, kwa ile namna ambayo mtu haitwi akiwa hai. Alizikwa siku ile ile baada ya alasiri, Mwanakwerekwe, jirani na baba yake.

Marehemu ameacha mjane, Faiza binti Khatib. Watoto watatu, Rawiya, Salem na Abeer. Mjukuu mmoja wa kike, mtoto wa Rawiya, mwenye miezi saba. Wanafunzi aliowasomesha miaka kumi na minne. Na mimi, mtoto wa ami yake.

Sasa jawabu yangu.

Nimemsamehe Zahran barua ile na yote yaliyoifuata. Si kwa sababu amekufa. Nilimsamehe Alhamisi, pale pale, alipomaliza kutamka, kabla sijainuka kitini. Kifua kilikuwa chepesi na nilijua. Lakini nilimnyima kulisikia. Nilitaka na yeye aonje kungoja neno ambalo liko kinywani mwa mtu mwingine. Alionja siku mbili, na akaondoka bado anangoja.

Siku mbili hizo ni kosa langu mimi, na mtu wa kunisamehe hayupo. Kwa hivyo nawaomba nyinyi mliokaa hapa, na wanaume waliopo msikitini, mkimwombea Zahran mnitie na mimi katika dua hiyo hiyo. Mwalimu Makungu asiiruke sehemu hii kwa kunionea haya. Aisome kama ilivyo.

Mola ampokee mja wake Zahran bin Salem, amkunjulie kaburi, na amfikishie jawabu yangu.